Itavuta Tu

Ukiwa na pikapu ya Land Cruiser hapa Garissa, watu hawakuulizi habari za afya. Wanakuuliza unaelekea wapi. Ukisema Dadaab, kuna gunia la sukari linalosubiriwa Dagahaley. Ukisema Modogashe, kuna mzee anayekwenda huko huko kwenye mazishi, na mzee hawezi kusafiri bila mtu wa kumshika mkono. Ukisema leo huendi popote, wanakutazama kwa huruma, kisha wanauliza kama basi gari linaweza kwenda bila wewe.

Hayo nimeyazoea. Nilistaafu ualimu, nikanunua pikapu kwa pesa za pensheni, na nikajua kwamba nimenunua mali ya ukoo. Nisichokizoea ni jibu moja ambalo mji huu unalo tayari kabla swali halijafika. Waonyeshe chochote chenye magurudumu, iwe trela la maji, jenereta au basi lililozama kwenye mchanga na abiria wake, kisha uwaulize kama pikapu yangu inaweza kukikokota. Hakuna anayetaka kujua kilo ngapi. Hakuna anayeinama kuangalia springi. Mtu anapuliza chai yake, anatupia jicho boneti, anasema, "Hii itavuta tu, Mwalimu." Na wenzake wote wanaitikia, hata yule muuza simu ambaye hajawahi kushika usukani maishani.

Mambo yaliharibika pale shemeji yangu aliyeko Minnesota, kaka wa mke wangu, alipoamua kwamba familia inahitaji nyumba ya kukokotwa na gari.

Shemeji anaendesha lori. Analala kwenye vituo vya malori kutoka jimbo hadi jimbo, na huko amewaona wazee wa Kimarekani waliostaafu wakisafiri na nyumba nyuma ya pikapu: jiko, friji, bafu, kitanda cha bibi na bwana, meza ya kulia, na zulia mlangoni. Ameipenda ile hali. Anasema watakapokuja likizo, wanawe hawatavumilia kulala kwenye mkeka na mbu. Kwa hiyo atainunua karavani huko, ipakiwe melini hadi Mombasa, mimi niende kuichukua na pikapu, na baada ya hapo tutazunguka nayo: Bour-Algi kuona twiga, kisha Dadaab alikokulia, kisha malishoni kwa wajomba. Yote hayo aliyaeleza kwa ujumbe wa sauti mrefu kiasi kwamba chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Na mtu anayelipa karo ya nusu ya watoto wa ukoo huwezi kumkatiza. Nilisubiri akamaliza, nikampigia, nikamwuliza jambo dogo tu: "Shemeji, hiyo nyumba ina uzito gani?"

"Elfu kumi tu," akasema.

"Elfu kumi za nini?"

"Pauni."

Pauni elfu kumi ni kilo 4,536. Sasa sikiliza. Land Cruiser hii ya 79, ambayo nusu ya Kaskazini Mashariki inaiendesha na nusu nyingine inaipanda kwa nyuma, Waaustralia wameiandikia kwamba inakokota kilo 3,500, na hiyo ni endapo trela lina breki zake lenyewe. Likiwa halina breki, kilo 750. Injini yangu ni ile 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, nguvu za farasi kama 130 hivi ilipokuwa mpya, na mpya haijawa kwa muda mrefu. Ni injini ya subira. Inafika, lakini haipendi kuharakishwa, na kwa umri wake ina haki hiyo.

Nikaipeleka hesabu barazani, pale kibandani karibu na Soko Mugdi, nikidhani namba zitasaidia. Nikawaambia: gari linaruhusiwa tani tatu na nusu, nyumba ina tani nne na nusu, na hiyo ni kabla ya kutia maji, gesi, magodoro na masufuria. Kimya kikapita. Kisha mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema, "Itavuta."

Dereva mmoja akatoa ushahidi kwamba yeye, kwa Land Cruiser ya aina hii hii, aliwahi kulitoa lori zima lililokwama kwenye laga wakati wa mvua. Sikatai. Mimi pia nimeyaona hayo. Lakini kulinasua lori hatua chache, gia ya kwanza, huku wanaume wote wa kijiji wakisukuma na kumtaja Mola, si sawa na kulivuta lori hilo hilo kutoka Mombasa kupitia Garsen na Hola hadi hapa. Akasema tofauti haioni.

Mwingine akasema tatizo ni dogo sana, ongeza majani mawili ya springi. Hii ndiyo dawa ya Garissa kwa kila ugonjwa. Gari likiinama nyuma, ongeza springi. Likilia, ongeza springi. Likinywa mafuta, nadhani wataongeza springi. Springi mpya zinainua bodi tu. Ekseli haziongezewi nguvu, chasi haziongezewi unene, na breki hazipelekewi habari yoyote. Gari linasimama wima na kupendeza huku limezidiwa vilevile, ila sasa hata polisi hawezi kuona kwamba limezidiwa.

Kinachonikera hasa ni kwamba hakuna anayeuliza kama litasimama. Kuvuta ni kazi ya injini, na injini ikishindwa utajua mapema, utakwama mahali ulipo, utakuwa salama na hasira zako. Lakini toka Mwingi uelekee Ukasi na Bangale, barabara imenyooka, jua linazama, na mbele yako ngamia kumi wanavuka bila haraka kwa sababu wanajua bei yao. Hapo nyuma yako kuna tani nne na nusu ambazo hazijaona ngamia. Karavani za Kimarekani zina breki za umeme, na ili zishike, dereva anahitaji kisanduku cha kuziongoza ndani ya kebini, karibu na goti lake. Nyaya za pikapu yangu zilifungwa upya na fundi aliyekuwa na waya wa rangi moja tu. Taa ya kushoto ikiwaka, honi inajikohoza. Sasa tumpe na breki za nyumba?

Shemeji akanijibu kitaalamu, maana yeye ni mtu wa barabara. Akasema Wamarekani wana kipimo rasmi, J2807, na watengenezaji wa pikapu huko hawajitungii tena namba wanavyotaka. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona, trela nyuma, joto si chini ya nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho. Nikafurahi kusikia. Nyuzi 38 ni alasiri ya kawaida ya Machi hapa kwetu, na kiyoyozi chetu ni dirisha. Lakini nikauliza: ndani ya gari wanamweka nani? Akasema dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68.

Kilo 68! Wawili! Nilimwomba arudie ili mke wangu naye asikie.

Hapo ndipo wataalamu wa dunia wanapotupotezea muda, kwa sababu eneo hili halina safari ya watu wawili. Chukulia pikapu yangu inabeba kilo 1,000, nami sitaki ugomvi na mtu juu ya kilo chache. Sasa trela halivutwi tu, linakulalia pia. Sehemu ya uzito wake inakaa juu ya ndoano, na ni lazima ikae, kiasi cha asilimia 10 hadi 15, la sivyo trela linaanza kuyumba kushoto na kulia mpaka linaanza kuliongoza gari badala ya kuongozwa. Kwa trela la kilo 3,500, lile linaloruhusiwa, weka asilimia 12: kilo 420 zimekwisha hata kabla sijafungua mlango. Zimebaki 580. Kebini inakaa watu watatu: mimi, mzee wa mazishi, na yule wa kumshika mkono. Kilo 80 kila mmoja, na hapo nimewapunja. Zimebaki 340. Pipa la dizeli la lita 200, kwa sababu mbele ya safari bei hubadilika kulingana na sura ya mteja, ni kilo 170 bila kulipima pipa lenyewe. Zimebaki 170. Magunia mawili ya sukari ya Dagahaley, kilo 50 kila moja. Zimebaki 70. Kondoo wawili wa zawadi, kilo 35 kila mmoja.

Zimekwisha. Na tanboi bado amesimama chini.

Mke wa tanboi hajafika. Mitungi ya maji haijapakiwa. Yule kijana wa shule anayeshukia Hagadera, ambaye kila safari yupo na sijawahi kujua ni mtoto wa nani, ndiyo kwanza anakuja mbio na begi lake. Nikamwambia shemeji kwamba wahandisi wa J2807 wangekuja kukaa na familia yetu wiki moja, wangerudi Arizona na kipimo kingine kabisa.

Yeye hakushindwa. Akanitumia picha za kale: karavani za fedha zinazong'aa, zimepangwa kwa mduara, na nyuma yake Afrika. Ni kweli, zilikuja. Mwaka 1959, Wally Byam, yule mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 na watu 106 kutoka Cape Town, wakapanda kusini hadi kaskazini, wakapita Kenya, wakaingia Ethiopia, wakafika Cairo mwaka uliofuata. "Umeona?" shemeji akasema. "Wazee wa Kimarekani, wengine wamestaafu kama wewe, miaka hiyo hata lami hakuna."

Nimeona. Nimeona pia kwamba wengi wao walikuwa na magari ya International, chuma kizito cha Kimarekani kilichochaguliwa kwa kazi hiyo, na kila gari lilikuwa na nyumba yake moja na wenyewe wachache tu. Barabara za Ethiopia ziliwatoa jasho hata hivyo. Na katika watu wale 106 hapakuwa na hata mmoja aliyesimamishwa njiani akaambiwa, "Kwa kuwa mnapita Addis, mpelekeeni binamu yangu huu mtungi wa maziwa."

Mjadala wote huu mama mkwe wangu aliusikiliza kimya, amekaa upande wake wa pazia, tasbihi mkononi. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawapigi soga, wanasalimiana kwa heshima na kila mmoja anashika adabu yake. Kwa hiyo alipoamua kusema, simu yenyewe ilinyamaza.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo nyumba inapakiwa na nani?"

Nikamweleza kwamba haipakiwi, inafungwa nyuma ya gari ikiwa nzima.

"Haivunjwi?"

"Haivunjwi, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Alizaliwa malishoni, na nyumba ya magurudumu haimshangazi kwa lolote kwa sababu amehama na nyumba yake ujana wake wote. Nyumba hiyo, aqal, ni mali ya mwanamke: yeye huijenga, yeye huivunja, yeye huipakia. Vijiti vilivyopindwa, mikeka iliyosukwa, kamba, vyombo vya maziwa, na juu kabisa mtoto asiyeweza kutembea pamoja na wana-mbuzi waliozaliwa jana. Ngamia hupigishwa magoti, mzigo ukagawanywa sawa pande mbili, kwa sababu upande mmoja ukizidi, hadi jioni tandiko limemchubua nundu, na ngamia mwenye kidonda ni familia isiyohama. Mama mkwe hakuwahi kuona mizani. Alipima kwa mkono, mkeka huu huku, ule kule, kamba ikakazwa, basi.

Serikali yenyewe ililijua hilo. Maktaba ya ngamia ilipoanzishwa hapa Garissa mwaka 1996, vitabu viliwekwa kwenye masanduku mawili, moja kila ubavu, na mzigo wote ulikuwa kilo kama 200, vitabu 400 hivi. Hakuna aliyesema ngamia yule ni mkubwa, muongezeeni kamusi, atavuta tu.

"Sasa ngamia," mama mkwe akaendelea, "ukimzidishia, hainuki. Anapiga makelele mpaka majirani wanatoka. Unashusha gunia moja, anainuka, mnaondoka. Gari lenu husema lini?"

Hapo nilitaka kusimama nimpigie makofi, lakini adabu ilinizuia. Kwa maana gari halisemi. Linaondoka nyumbani likiwa limezidiwa, linapita sokoni likiwa limezidiwa, watu wanalipungia mkono, na siku ya kusema linasemea katikati ya nyika, jua la saa nane, kwa sauti ya beringi.

Akauliza tena karavani hiyo ni mzigo wa ngamia wangapi. Nikagawanya kilo 4,536 kwa 200. Karibu ngamia 23.

"Na watalala wangapi ndani?"

"Sita, Mama."

"Aqal yangu ilibebwa na ngamia wawili," akasema. "Tulilala tisa." Kisha akarudi kwenye tasbihi yake.

Kule Minnesota pakawa kimya kwa muda, nikadhani mambo yameisha. Hayakuisha. Shemeji alirudi siku ya pili na hoja mpya: kama tatizo ni pikapu, basi ataleta na pikapu. Kuna Ford F-450 za mwaka 2023 ambazo kwa ndoano ile ya kufungwa katikati ya bodi zinakokota pauni 40,000. Hizo ni tani 18. Ningeweza kukokota nyumba, bwana harusi, bibi harusi na ukumbi wao. Ikabidi nimkumbushe kwamba usukani wa gari hilo uko kushoto, na Kenya haisajili gari la mtu binafsi lenye usukani wa kushoto, kama ambavyo haipokei gari lililozidi miaka minane. Akasema ataulizia mtu. Kwetu kila sheria ina mtu wa kuulizia.

Nikamwambia, tuseme hata imepita. Karavani ya Kimarekani imetengenezwa kwa watu wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wake uko kulia, upande wa majani. Huku sisi tunaendesha kushoto. Simamisha nyumba hiyo kando ya barabara pale Bangale, umwambie mkeo ashuke kununua tikiti maji: atashukia moja kwa moja mbele ya basi la Mandera. Kile kivuli cha turubai wanachokikunjua ubavuni ili wakae chini yake wanywe kahawa, nacho kiko upande huo huo. Tutakuwa tumekaa katikati ya barabara kuu, na viti. Halafu friji ni ya volti 120, umeme wetu ni 240. Itagandisha mara moja, kwa furaha, kisha itatoa moshi.

Na darajani je? Unajua pale kwenye kizuizi cha polisi, unapovuka Mto Tana, abiria wote wanashuka na kuonyesha vitambulisho. Trela nalo linasajiliwa peke yake, lina namba yake inayoanza kwa Z, tofauti na ya gari. Yaani katika familia yetu, ambamo vijana wanahangaika miaka kutafuta kitambulisho, nyumba ingekuwa nacho kabla yao.

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Akacheka sana, akakubali karavani isubiri. Lakini pesa alikwisha kuziweka kando, na pesa ya mtu wa ughaibuni ikishatengwa lazima ishuke mahali. Akasema basi nitengeneze trela la tangi la maji, liwafae wajomba malishoni wakati wa kiangazi. Jambo la maana, siwezi kulipinga. Nikamwambia lita 2,000, zisizidi, kwa sababu lita moja ni kilo moja, na chuma cha tangi na chasi yake nacho kina uzito. Tukaelewana.

Juzi nikapita gereji kuona kazi imefika wapi. Tangi limesimama juu ya vipande vya mbao, linang'aa, kubwa kuliko pikapu yenyewe. Fundi alikuwa amevua kinyago cha kuchomelea, anajipepea. Nikamwuliza hili ni lita ngapi. Akasema elfu tano, bei ya chuma ilikuwa nzuri, na wajomba zangu walipita hapa wakasema lita 2,000 ni za kuku.

"Kilo 5,000 za maji," nikamwambia, "na chuma juu yake. Kwa Land Cruiser?"

Akaitazama pikapu kuanzia bampa hadi bampa. "Itavuta tu, Mwalimu. Tutaongeza springi."

"Na kusimama je, itasimama?"

Akavaa kinyago chake. "Hilo kamuulize mtu wa breki," akasema. "Mimi ni wa kuchomelea."